Ndani ya Silo

Nilipomaliza chuo na cheti changu cha usimamizi wa biashara, Eldoret nzima ilinipokea kwa shangwe, yaani hakuna aliyenipigia simu. Ndipo nikaenda kujifunza ufundi wa mabati kwa mzee mmoja kutoka upande wa ziwa. Mwaka wa kwanza nilisimamia biashara kwelikweli: nilisimamia jiko la makaa lisizime.

Tulitengeneza silo za mahindi, mapipa makubwa ya bati yanayozibwa hadi hewa isipite, wadudu wafie humo. Silo ikikamilika, mwanagenzi huingia ndani, kifuniko kinafungwa, naye anatafuta tundu gizani. Akiona mwanga, panazibwa tena. Heshima hiyo kubwa ilikuwa yangu.

Novemba moja mzee alinipa silo niitengeneze peke yangu, kuanzia kukata hadi kuchomelea, ya mama mmoja mkulima wa huko Soy, nje ya mji.

"Hii ikitoka poa, wewe ni fundi," akasema. "Ikitoka vibaya, unarudi kwa makaa mwaka mwingine."

Mtu wa kutia moyo sana.

Nilipoingia kuikagua, niliona nukta moja ya mwanga kwenye mshono wa chini, ndogo kama chembe ya chumvi. Mzee akagonga bati karibu na sikio langu, kwa upole wake wa kawaida.

"Wewe! Unaona mwanga?"

Nilitaka kuitwa fundi. Nilitaka mno, hadi nikaona aibu baadaye.

"Hakuna, Mzee."

Nikapewa mkasi wangu mwenyewe wa kukatia bati, alama kwamba sasa ni fundi. Wiki nzima nilitembea nao kwa mkoba, hata kanisani, labda paa lingehitaji huduma yangu katikati ya mahubiri.

Mwezi wa tatu yule mama akapiga simu. Tulipofika Soy, alichota mahindi kwa kiganja, akapuliza. Unga ukapaa; wadudu walikuwa wameyatafuna. Mahindi hayo yalikuwa chakula cha nyumba yake hadi mavuno.

"Sasa Mzee, watoto watakula nini? Nani alikagua hii kitu?"

Mimi, fundi mashuhuri, nikatazama kuku. Mzee akavua kofia.

"Ni mimi, Mama. Macho yangu imezeeka. Nitakuletea ingine, na mahindi pia."

Mama akamwambia kwamba wazee wa siku hizi hawana haya. Mzee akaitikia, "Ni kweli, Mama."

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia kila kitu, nikilia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru, lakini hata makaa hakunitajia.

Kesho yake kulikuwa na silo nyingine ya kukaguliwa. Nikavua viatu niingie. Mzee akanisogeza kando bila kunitazama, akapiga magoti, na kwa umri wake ule akajipenyeza mwenyewe ndani, akiguna kwa maumivu. Akaniambia nifunge kifuniko. Nilikifunga, na sijawahi kujichukia kama asubuhi ile.