Tochi Nzito ya Mama

Juzi, mie ninayeogopa hata paka, nilikuwa dukani nikichagua tochi ya kumulikia banda la kuku, nikajikuta naipima uzito mkononi.

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni sokoni Tandale, harufu ya dagaa, na mama akishika tochi moja ya chuma na kuzirudisha nyepesi za bei ile ile, zenye mwanga mkali. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala huko Chang'ombe.

"Mama, hiyo ya chuma haiwaki vizuri!" nililalamika.

"Inatosha. Nataka nzito."

Muuzaji akacheka. "Sista, unanunua tochi au mchi?"

Mama hakucheka. Nami nilinuna njia nzima, eti mama hajui kuchagua. Jioni alipoondoka nayo nilimwonea huruma, nikidhani kinachotisha huko ni giza tu.