Glasi ya Janefer na Maziwa ya Kogo

Pale Ndanai, ukitaka kumuudhi Janefer Nyakerario, mwambie kazi yake ni kunusa maziwa. Atakuangalia kuanzia kofia hadi gambuti, kisha akujibu pole pole, "Mimi ni mpimaji." Na ni kweli. Miaka tisa amesimama kwenye kibanda cha kupokea maziwa, baridi ikimng'ata masikio, akitumbukiza laktomita kwenye jagi la kila mkulima. Laktomita ni kijiti cha glasi chenye uzito chini na namba shingoni. Maziwa safi huisukuma juu, ikasimama kwenye ishirini na nane, hata thelathini. Ukitia maji, glasi inazama, namba inapungua, na wewe mwenye maziwa unaanza kuangalia viatu vyako.

Aliipenda hiyo glasi, haki! Kila siku aliifunga kwa leso akaenda nayo nyumbani kwenye mkoba. Mumewe Onchiri, fundi wa pikipiki, humtania kwamba nyumba ikishika moto yeye atatolewa wa pili.

Tena Janefer anasoma. Ana miaka thelathini na tisa, na anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu shule aliiacha akiwa na mimba ya mwanawe Duke. Somo linalomtoa jasho ni fizikia. Ukurasa wa vitu vinavyoelea ameushika kichwani neno kwa neno: kitu kinachoelea husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kiowevu kilichohamishwa. Anaikariri sentensi hiyo akifua, akipika, hata kanisani mahubiri yakirefuka.

Sasa, Kogo. Kwa Kipsigis kogo ni nyanya, na Kogo Chepkorir hakuwa nyanya wa Janefer wa damu. Lakini Janefer alipokuja Ndanai kama bibi arusi, Mkisii aliyelelewa kwenye kambi za wachuma chai kule Kericho, hakujua hata mtu anakaa upande gani wa ng'ombe akikama. Huyu mama ndiye aliyemfundisha. Na alipojifungua, mama yake mzazi akiwa mbali, kikapu cha chai mgongoni, Kogo alimletea uji wa wimbi na maziwa siku arobaini, bila kuruka hata moja. Boma lake limegusana ua na kibanda cha maziwa.

Mwezi wa tano lori la kubeba maziwa likabadilishiwa saa. Badala ya saa tatu, likaanza kuja saa moja. Jumatatu ya kwanza Kogo alileta maziwa yake, glasi ikazama hadi ishirini na nne. Janefer akarudia. Ishirini na nne. Jumanne, hivyo hivyo.

"Kogo, haya yana maji," akasema mbele ya foleni nzima, maana sheria ni sheria.

"Maji imetoka wapi?"

"Sijui, Kogo. Glasi haidanganyi."

Kogo akafunika mkebe wake akaondoka. Jumatano akarudi, kichwa juu, na glasi ikazama tena. Watu wakaguna. Chama cha wakulima wa maziwa kina kanuni: ukikataliwa mara tatu, jina lako linasomwa kwenye mkutano wa Ijumaa na unafutwa. Yaani Kogo, mwenye miaka themanini, anayeombea wagonjwa wa kijiji kizima, asomwe mbele ya watu kama mwizi! Janefer alikwenda nyumbani na hasira iliyochanganyika na huzuni. Kwa nini Kogo ananifanyia hivi, alijiuliza, mimi ambaye nampenda?

Jioni alikama ng'ombe wake huku akimsimulia Onchiri. Onchiri akasikiliza, kisha akasema, "Na yetu?"

"Yetu nini?"

"Pima yetu pia, isije ikawa hata mimi natia maji."

Janefer akacheka kidogo, akamimina kwenye jagi, akatumbukiza glasi. Ishirini na nne.

"Ala!"

"Mama Duke," Onchiri akasema, "umeanza lini?"

Lakini Janefer hakuwa anacheka tena. Ndoo alikuwa ameikausha mwenyewe kwa kitambaa. Akalishika jagi kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto. Akakumbuka kwamba jagi la Kogo pia lilimpasha vidole moto asubuhi zote tatu, na alilifurahia lile joto. Wengine wanatembea saa nzima kwenye ukungu, maziwa yanafika yamepoa. Lori likija saa tatu, hata ya Kogo yalikuwa yanapata muda wa kupoa; sasa anakama na kuleta papo hapo kutoka uani, povu bado juu.

Akaliweka jagi kwenye karai la maji ya tangi, akakoroga, akangoja. Glasi ikapanda taratibu hadi ishirini na nane.

Maziwa yakiwa na joto hutanuka, yakawa mepesi kwa jagi lile lile, na glasi lazima izame zaidi ili ihamishe maziwa yenye uzito sawa na wake. Sentensi ile ameikariri miezi miwili, glasi ameishika miaka tisa, na hizo mbili hazikuwa zimewahi kusalimiana. Tena alipoajiriwa aliambiwa apime joto kwanza. Kipimajoto kilivunjika, akazembea, na hakuna aliyeuliza.

Alhamisi alifika na karai. Foleni ilipokuwa ndefu, akasema kwa sauti ile ile aliyotumia Jumanne, "Kosa ni langu. Kogo hajawahi kutia maji." Akapima maziwa ya Kogo yakiwa moto, akayapoza, akapima tena. Watu wakasongamana kuona namba, wakabishana, wakapiga makofi.

Kogo peke yake hakutazama.

"Mimi sijui hiyo klasi," akasema kwa lafudhi yake ya Kipsigis. "Najua maziwa yangu. Lakini siku tatu wewe uliuliza klasi. Mimi hukuniuliza."

Janefer akalia pale pale, gambuti na yote, mbele ya watu aliokuwa akiwatisha miaka tisa.

Ijumaa jina la Kogo halikusomwa. Tangu hapo jagi lake hukaa kwenye karai dakika kumi, na yeye hukaa kwenye kreti iliyogeuzwa, kando ya Janefer. Wiki ya kwanza alinyamaza kabisa. Ya pili akauliza habari za Duke. Ya tatu akaanza kusimulia marehemu mzee wake, na Janefer, mikono ikiendelea na majagi ya wengine, hakutaka amalize.

Asubuhi moja lori lilishapiga honi mara mbili. Janefer akainuka kuchukua glasi. Kogo akaweka kiganja juu ya jagi.

"Pado," akasema. "Iko moto."

Janefer akagusa. Yalikuwa baridi kabisa.

"Kweli, Kogo, bado sana," akasema, akakaa tena.