Mkwe Wangu Anasema Nikasome Kihispania Mji Wowote, Isipokuwa Anakoishi Mjukuu Wangu

Admin, pole na kazi. Naomba unifichie jina langu. Na hao wengine nitakaowataja humu nimewabadilisha majina, maana wapo watakaonitambua.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Tanga. Naishi Toronto, kwenye maghorofa ya Dixon Road, na kazi yangu ni ya jikoni kwenye makao ya wazee. Baba wa watoto wangu tuliachana zamani, nikabaki na wawili, Idrisa na mdogo wake Rehema. Idrisa sasa ni marehemu, na ndiye aliyenifanya niandike.

Idrisa alioa msichana wa Nikaragua, nimwite Marisol. Walikutana kwenye ghala moja huko Brampton, wote wakipakia mizigo. Jumapili walikuwa wanakuja kwangu, Marisol anakaanga ndizi, mimi naunga maharage kwa nazi, tunaongea Kiingereza chetu cha kuungaunga tunacheka mpaka Idrisa anatuomba tupunguze sauti. Wakapata mtoto wa kiume, Yusufu. Huyo mtoto nimembeba mgongoni kwa khanga kwenye baridi ya huku, watu kwenye basi wanatushangaa.

Mwanangu alianguka kazini. Moyo tu, ghafla, hakuwa anaumwa. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Marisol alijitahidi kubaki. Lakini kodi, zamu, mtoto mdogo, na kile chumba cha chini ya nyumba ya watu kilichojaa nguo za mumewe, vilimshinda. Akaniambia, "Mama, narudi kwa mama yangu. Hapa kila nikigeuka namwona Idrisa." Sikumlaumu. Nikawasindikiza mwenyewe uwanja wa ndege. Yusufu alikuwa na miaka mitatu, akanipungia mkono akasema, "Kwaheri, Bibi," kwa Kiswahili safi kabisa.

Sasa ana miaka sita. Mwanzoni tulikuwa tunaongea kwa simu ya video kila wiki, halafu ikawa mara mojamoja. Kiswahili kikamtoka, Kiingereza nacho kikamtoka. Siku moja mwaka huu nilipiga nikasema, "Hujambo mjukuu wangu." Akaniangalia, akamgeukia mama yake akasema neno. Marisol akacheka kwa aibu, akasema mtandao unasumbua, akakata. Lile neno nililishika hivyohivyo, nikaenda kumuuliza mwenzangu wa jikoni anayetoka El Salvador. Akasema, "Anauliza, huyu ni nani?"

Nilienda kwenye chumba cha kuhifadhia vyakula nikalia.

Ndipo nikaamua kusoma Kihispania. Nimejaribu kwa simu lakini kichwa changu kinataka mtu aliye mbele yangu. Rehema akanitafutia shule kwenye kompyuta, kulekule kwenye nchi za Kihispania, akakuta mbili zenye nafasi. Moja iko mji uleule anakoishi Yusufu, mji mdogo wa ufukweni. Siutaji, maana watu kule wanajuana. Mwanafunzi anakaa na familia, anasoma asubuhi, mchana yuko huru. Ya pili iko Sámara, kwenye nchi jirani, Kosta Rika, nako ni ufukweni, na Rehema anasema ni patulivu na panamfaa mtu wa umri wangu. Mimi sikuwa na la kufikiri. Nikampigia Marisol kwa furaha kumwambia nakuja kusoma karibu nao.

Akaniomba nisubiri, nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema, "Mama, nenda kasome mji wowote unaotaka. Lakini si huu."

Nikamuuliza kulikoni. Akaanza kulia. Kumbe ameolewa. Huyo mume anawakodishia watalii mbao za kutelezea mawimbi, na anampenda Yusufu. "Yusufu anamwita papá," akasema. "Anajua huyo ndiye baba yake. Nitamwambia habari za Idrisa akiwa mkubwa. Ukija wewe, Mama, atauliza."

Nikamwambia, "Umemzika mwanangu mara ya pili." Akasema, "Mama, mimi pia nilimpenda." Hatujaongea tena tangu hapo.

Ndugu zangu, kuolewa kwake sikupingi, bado ni binti mdogo. Huyo mwanamume namshukuru kwa kumlea damu yangu. Kinachonikata ni kwamba kuna mtoto ana paji la uso la Idrisa, anacheka kama Idrisa, na hajui kama Idrisa aliwahi kuwapo.

Rehema, ambaye nikimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, safari hii alinijibu kwa Kiswahili chake cha shida. "Mama, enda Sámara. Soma. Wewe ukilazimisha, yeye atafunga simu, na Yusufu humwoni tena." Rafiki yangu wa msikitini naye anasema, "Ule mji si wa Marisol peke yake. Nenda kaishi palepale, mtoto akuzoee. Damu itamvuta."

Nimelala na maneno ya wote wawili, nimeamka nayo, sijui nishike lipi. Shule zote zinataka jibu wiki hii. Nikienda kule kwao, nitamwona hata kama ni upande wa pili wa barabara akitoka shule. Lakini nikimwona nitaweza kweli kunyamaza? Na nikienda Sámara, nikakijua Kihispania chote, nitaongea na nani kama Marisol hataniita?

Nyie mliolea, mliofiwa, mlioolewa mkiwa na mtoto wa marehemu, naomba mniambie bila kunitukana. Nichague mji upi?