Wiki Arobaini za Kurudi Nyuma

Kochi lilivuliwa nguo asubuhi, wageni wakiwa ndani. Fundi alimlaza mtoto wake wa wiki tatu chumbani, akarudi sebuleni na kisu cha kukatia sponji, akawaambia mumewe, mama mkwe na wifi yake wainuke. Alianzia kwenye egemeo. Pini ziliruka hadi chini ya kabati. Alipomaliza palibaki fremu ya mbao, mikanda na springi, na watu watatu wamesimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

"Umechanganyikiwa?" mama mkwe aliuliza.

"Kochi langu, Mama. Nimelitengeneza mwenyewe. Anayetaka kukaa akae kwenye maneno yake."

Mtaani wanamwita Mama Springi, na walimwita hivyo miaka mingi kabla hajawa mama wa mtu. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Kabla ya kufunika springi kwa gunia na sponji, huzikalia mwenyewe. "Mimi sina nyama," huwaambia wateja. "Isiponichoma mimi, wewe utalala usingizi." Mumewe anaendesha lori la masafa marefu, na kila mtu, mama yake mzazi akiwemo, anamwita Dereva.

Walikaa miaka sita bila mtoto. Mama mkwe aliuliza mwaka wa kwanza, akauliza wa pili, kisha akaacha kuuliza. Mama Springi anasema huo ukimya ulimuuma kuliko maswali.

Mtoto alipozaliwa, mkunga alitoka nje ya wodi kuwapa ndugu habari. "Wa kike. Wiki arobaini kamili, hajapunguza wala hajazidisha." Alikusudia kusifu. Mama mkwe aliibeba ile namba mpaka nyumbani.

Mama mkwe amefuga kuku maisha yake yote, na kwa kuku hakosei. Vifaranga wakitotolewa, anarudi nyuma wiki tatu na kuikuta siku ile aliyomlaza kuku juu ya mayai. Basi akamfanyia mjukuu hesabu ileile. Alirudi nyuma wiki arobaini, Jumamosi kwa Jumamosi, akaikuta wiki ambayo mwanawe hakuwepo nyumbani. Lori lilikuwa limeharibika giaboksi mbali huko, na yeye amekaa nalo barabarani akisubiri kipuri.

Siku aliyorudi ilijulikana na wote. Ndiyo siku kochi la daktari wa meno liliponasa mlangoni mwa karakana, likagoma kutoka wala kurudi. Dereva akafika na begi mgongoni, akaingilia dirishani, akalisukuma kwa ndani. Mama mkwe alikuwepo, alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo ilikuja wiki mbili nzima baada ya ile aliyoipata kwenye hesabu yake.

Hakumuuliza mkwewe. Alimwambia binti yake. Binti akamwambia jirani. Mama mkwe mwenyewe, akinunua maji, akamwambia muuza maji: "Mwanangu ameachiwa mzigo usio na mwenyewe." Baada ya hapo hakuna aliyebaki mtaani wa kuambiwa, isipokuwa mama wa mtoto.

Aliambiwa asubuhi ile ya kochi. Wifi ndiye aliyelitoa neno. "Wifi, sisi hatugombani. Tunataka tu kujua mtoto ataitwa wa nani."

Mama Springi alimgeukia mumewe. Siku mbili kabla alikuwa amemkuta karakanani, amempa mgongo. Kalenda ya ukutani ya mwaka huu alikuwa ameiinua kwa mkono mmoja, na kwenye ya mwaka jana, iliyotundikwa nyuma yake, kidole kilikuwa kinapanda mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipomuuliza anatafuta nini, alisema, "Naangalia bima ya gari iliisha lini."

"Dereva," alimwambia sasa, "waambie."

Dereva alitazama viatu vyake. Ndipo fundi akaenda kuchukua kisu.

Siku ya kumpima mtoto uzito, aliwachukua mume na mama mkwe hadi kliniki. Mkunga alikuwa yuleyule, anamfunga mtoto mwingine kwenye mzani, na hakuacha kazi yake ili kuwajibu.

"Arobaini tunaanza kuhesabu toka hedhi ya mwisho," alisema. "Siku mimba ilipoingia nani anaijua? Hedhi mwanamke anaikumbuka. Kwa hiyo zile wiki mbili za mwanzo kwa kawaida mimba haipo. Ukitaka kujua iliingia lini, toa mbili, rudi thelathini na nane. Nayo ni makadirio, si saa ya ukutani."

Mama mkwe alihesabu upya, vidole vikitembea juu ya kanga. "Yaani mnaanza kuhesabu kuku hajaatamia?"

"Yai lenyewe halijatagwa, mama."

Wiki thelathini na nane zilifika mlangoni mwa karakana, kwenye kochi la daktari wa meno, siku aliyorudi Dereva.

Nje ya geti mama mkwe alimshika mkwewe mkono. "Basi mwanangu, yaishe. Mimi ni mzee."

"Hukuwa mzee ulipokuwa unamwambia muuza maji."

"Unataka nikupigie magoti?"

"Magoti yako ya nini? Nataka uwaambie wote uliowaambia. Kwa mdomo uleule."

Siku ya pili mama mkwe alileta kitambaa cha kochi, kizito, rangi ya kahawia, kipya. Mama Springi alikipima kwa kukivuta kati ya vidole, akasema ni kizuri, akamrudishia. "Ukimaliza kuzunguka, kilete."

Alizunguka na kitambaa kwapani. Alianza kwa binti yake, kisha jirani. Muuza maji alimsikiliza hadi mwisho, akatua madumu. "Sasa mama, hapo nani alikosea? Maana umeanza na kuku, umemaliza na hedhi, mimi nimepotea."

"Mimi," mama mkwe alisema. "Nilikosea mimi. Mtoto ni wetu. Umesikia, au nirudie?"

"Rudia," muuza maji alisema. Akarudia.

Kitambaa kilipokelewa jioni ile. Kazi ilichukua siku mbili, mtoto akiwa mgongoni. Leo mama mkwe anakaa upande wa ukutani, mjukuu amemlalia kifuani, na katikati hukaa yeyote anayepita.

Kiti cha tatu, cha dirishani, anachokaa Dereva akiwa nyumbani, hakijafunikwa. Springi ziko wazi, na kitambaa cha kutosha kimekunjwa juu ya kabati. Mteja mmoja alidhani kazi imesahaulika.

"Haijasahaulika," Mama Springi alimjibu. "Nangoja mtu aniambie alikuwa anatafuta nini kwenye kalenda ya mwaka jana."

Dereva alikuwepo, amekaa palepale.

"Nilishakwambia," alisema. "Bima."

"Basi endelea kuikalia."