Mahojiano Yaliyonyooshwa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na asubuhi ile pale chuoni Babati zilikuwa zimeshafika kooni. Binti niliyemsimamia utafiti wake alikuwa ameitwa mbele yetu, mimi na mwenzangu wa idara. Shutuma ni kwamba hakwenda kumhoji mkulima yeyote, alikaa hosteli akaiagiza akili mnemba imtungie majibu. Ikithibitika, hahitimu.

"Soma mwenyewe," mwenzangu aliniambia, akinisukumia ripoti. Alikuwa amepigia mstari maneno ya mama mmoja mkulima wa Mutuka: "Nilichelewa kupanda kutokana na changamoto za kifamilia."

"Mama gani wa jembe anaongea kama taarifa ya habari? Njia ya mwongo ni fupi."

Nilimgeukia binti. Nilitamani kumtetea, na nilitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

"Ulikwenda, hukwenda?"

"Nilikwenda, mwalimu. Nilirekodi. Ila wanaongea wakizunguka, mara salamu, mara ng'ombe, na Kiswahili wanachanganya na Kiiraqw. Niliogopa mtasema sijui kuandika. Nikaiambia akili mnemba iyanyooshe maneno yao."

"Sauti ziko wapi?"

"Simu ilijaa. Nikazifuta."

Mwenzangu alichekea puani. Hapo nikaona tumekwisha. Nikasema basi tumpigie huyo mama, kwa kuwa namba yake binti alikuwa nayo.

Iliita mpaka ikakata. Tukapiga tena. Binti alikuwa anatafuna ukosi wa blauzi yake, roho juu, nami sikuwa na nafuu kumzidi. Hatimaye ikapokelewa, nikaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo huko? Mvua imewafikia?"

Tukajibu ya mvua, tukajibu ya watoto, tukajibu ya wagonjwa. Kwetu huwezi kumrukia mtu mzima na swali, hata kama unaungua ndani. Ndipo nikajitambulisha na kumsomea yale maneno.

Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Hayo si maneno yangu," alisema.

Mwenzangu akafunga ripoti. Binti akashika ukingo wa meza.

"Changamoto ndiyo nini? Mimi nilimwambia yule binti nimechelewa kupanda kwa sababu nilikuwa namzika mume wangu. Akaacha kuandika, tukalia wote pale jikoni."

Kumbe alikwenda! Nilishusha pumzi, na furaha yangu sikuificha. Mwenzangu, bila kunitazama, alisema basi aandike upya mahojiano yote kama yalivyosemwa, atahitimu na wenzake. Binti akafuta machozi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Yupo hapo huyo binti?" mama aliuliza.

Akasogea, akapiga goti mbele ya simu iliyolala mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mzee wangu umemtoa kwenye maneno yangu?"

Binti aliivuta ripoti, akaanza kuyakata kwa kalamu yale maneno yaliyopigiwa mstari. Mimi, mwalimu wake, nikatazama sakafu.