Taa ya Biira na Mbegu za Butembo

Bonde la Kilembe ni jembamba, na jua halina subira nalo. Mchana ukianza kunoga tu mlima unalimeza, na nyumba za zamani za mgodi zinabaki katika kivuli cha buluu ambacho Biira, kwa kupenda kwake kuota ndoto za mchana, hukifurahia kuliko mwanga wenyewe. Lakini Biira anaishi kwa kuotesha miche, na mche hauli kivuli. Zamani vitalu vyake vilikuwa kando ya Nyamwamba. Mto ulipofurika uliondoka navyo, ukamwachia mawe makubwa uani, naye akahamia sebuleni na trei zake.

Hapo ndipo Yvette alipomkuta. Yvette alikimbia vita Butembo, kule Kongo, na sasa anauza vitenge Bwera, mji wa mpakani. Alifungua fundo la kitenge chake akatoa mbegu chache za nyanya za mti, yale matunda mekundu ambayo kwao huitwa pruni.

"Yaya Biira, mbegu iko hii tu," alisema, akimwita dada kwa lugha ya kwao. "Mama njo alizikausha, sasa alishakufa. Kwetu hatuweze kurudia. Ikikufa hii, imeisha."

Biira alizipokea kwa mikono miwili. Kuotesha mbegu ya marehemu si mchezo.

Akanunua mjini Kasese taa ya kukuzia mimea, sanduku lake limeandikwa wati elfu moja kwa herufi za dhahabu. Aliyeitundika ni baba yake, mzee Zedekia, aliyemaliza ujana wake ndani ya machimbo ya shaba. Kwa watu wa mgodi taa nzuri ni ile inayofika mbali. Isiyofika mbali itakuua. Basi mzee akapanda juu ya meza, akaifunga juu kabisa penye boriti, akashuka akipangusa mikono kama aliyetundika mwezi.

"Angalia, mwanangu! Hata kona inaonekana."

Kweli, sebule nzima ilijaa mwanga wa zambarau. Majirani walichungulia wakiuliza kama Biira amefungua baa. Hakuwajali. Jioni aliketi chini ya mwanga ule, ukungu ukipita dirishani, akaliona shamba zima la Butembo ambako hajawahi kufika: matunda yananing'inia, na mwanamke asiyemjua anatembea katikati yake bila haraka. Miche ilipochipua aliipa majina vile Wakonzo, kabila lake, wanavyowaita mabinti zao kwa kufuatana kuzaliwa. Wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, naye akamtania wajina wake kwa kuchelewa.

Ndoto ni tamu, ila miche ilikuwa inakonda. Ilirefuka kama nyuzi, majani yakapauka, na mmoja mmoja ikalala kwenye udongo isiinuke. Masika alitangulia. Biira alilia, ndiyo, alilia kwa ajili ya mche, na asiyewahi kuaminiwa kitu cha mtu asimcheke. Hakuelewa. Taa ina nguvu hivi, chumba kinang'aa hivi, njaa inatoka wapi?

Jibu lilikuja Jumamosi, alipokuwa anapiga pasi nguo za kanisani. Pasi yake nayo imeandikwa wati elfu moja. Ilipowaka, kitaa chekundu cha mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, pale ukutani kilipepesa mbio mbio. Alipoizima, ikabaki taa ya miche peke yake, kitaa kikapepesa, kikasinzia, kikapepesa tena kwa uvivu. Biira alisimama na gauni mkononi, akatazama mpaka akasahau alichokuwa anafanya. Namba ni ileile, lakini umeme unaoliwa si uleule hata kidogo.

"Tata, sanduku ilitudanganya," alisema. "Hii taa ni kadogo."

"Lakini inang'aa," mzee alinung'unika.

"Inang'aa kwa sisi. Macho yetu inashiba haraka. Majani haishibi."

Mzee Zedekia aliinua macho kwenye boriti. Aliipenda taa pale juu, maana macho yake yamefifia, na kwa mwanga ule alikuwa anaiona sura ya binti yake jioni. Kisha akatikisa kichwa, akacheka.

"Kule ndani, kutafuta njia tulitaka taa ya mbali. Lakini kutafuta shaba, tulisogeza taa mpaka karibu na jiwe, karibu sana. Mimi nimesahau. Leta meza."

Akaishusha kwa mikono yake mwenyewe, shubiri mbili tu juu ya majani. Sebule ikarudi gizani, trei ikawaka peke yake. Majani yalipoanza kujikunja kwa joto, Biira aliipandisha taa kidogo, akasubiri. Majani mapya yakaja mapana, yana kijani kizito. Mzee akahamishia kiti chake kando ya trei, wakawa wanaota wawili.

Miche iliyosalimika ni miwili tu. Biira aliipeleka Bwera mwenyewe, akipanga njia nzima maneno ya kuomba radhi. Yvette hakumpa nafasi ya kuyasema. Aliinama, akasugua jani kwa vidole, akavinusa, akafumba macho. Harufu ya jani la nyanya ya mti ni kali, na si kila mtu anaivumilia; kwa Yvette ilikuwa harufu ya mama yake.

"Mama," aliitikia polepole, kama aliyesikia hodi. "Mama, niko huku."