Mwendo wa Bibi

Punda alinitoa jasho, lakini nilimweza. Ukijifunza kuchora gemu kwa pikseli, yaani kwa vile vidoti vya mraba vinavyopangwa kimoja kimoja kwenye skrini, mnyama wa miguu minne hukupa nafasi nne za kukosea. Nilijifungia sebuleni kwetu Amu, kisiwani Lamu, na laptopu yangu inayokoroma, nikachora vichochoro, vibaraza vya mawe, na paka wengi kuliko waliohitajika. Paka ni rahisi, nami napenda sifa za bure.

Aliyenishinda ni mwanamke wa buibui. Rafiki yangu wa Nairobi, anayeandika programu ya gemu yetu, alinirudishia kila jaribio akisema mama huyu anateleza kama friji inayosukumwa. Miguu haionekani, sasa hatua nizionyeshe kwa kitu gani? Nilikasirika, nikamwambia avae buibui atembee mwenyewe. Hasira zilipopoa nilianza kumtazama bibi yangu akienda kwa jirani. Kumbe mambo yote yako kwenye pindo: hubaki nyuma kidogo, hutulia, kisha hufuata. Bega la kulia hushuka, na kila baada ya hatua kadhaa kiganja hugusa ukuta. Nilizichora fremu zake, picha moja kwa kila hatua, nikazizungusha mfululizo, na yule mwanamke akatembea. Niliruka peke yangu kama mwehu.

Rafiki yangu alimpenda hata akamfanya mhusika mkuu. Hapo nikaingiwa na baridi, maana bibi hapigwi picha. Harusini hugeuka, na hata kitambulisho chake hukitoa shingo upande. Nilijiliwaza kwamba huyu wangu hana uso, ni vidoti vitatu vya kahawia tu, nani atamjua? Jirani yetu alipochungulia skrini yangu alimjua kabla hajaweka chini sahani ya mahamri aliyotuletea. Alicheka, halafu akaniuliza kama mwenyewe ameruhusu.

Hakukuwa na pa kukwepea. Bibi akikataa, ningemfuta, na gemu yetu ingebaki na punda na paka. Baada ya swala ya Alasiri nilimwekea laptopu mapajani, roho mkononi.

Hakukasirika. Alimtazama yule mwanamke akipita kichochoroni, akarudi, akapita tena, kwa muda mrefu hata laptopu ikaanza kukoroma. Nilipoanza kujitetea kuhusu uso, alininyamazisha kwa mkono.

"Tangu lini nashika ukuta?" aliniuliza.

Mkono ule nilikuwa nikiuona kila siku, nikishangilia jinsi ulivyoupa mchoro uhai. Kwamba bibi yangu anazeeka, wazo hilo halikuwa limenipitia hata mara moja. Nilimjibu kwamba sijui.

"Mwate apite," alisema, maana yake nimwache. "Lakini mtilie na hatua mbili tatu bila ukuta."

Basi nilimchorea uwanja mpana mbele ya soko, mahali pasipo na kitu cha kushika, naye anaukatiza mikono ikiwa chini, pindo likimfuata. Rafiki yangu alilalamika kwamba mwendo umebadilika ghafla. Nilimwambia hiyo ni amri ya mwenye mwendo. Bibi huniomba nimfungulie sehemu hiyo tu, na wakati wote anapoitazama huwa amenishika mkono.